Sauti ya Kimasai katika Santuri: Kundi la X Plastaz la Arusha

Kata ya Elerai, katika jiji la Arusha, imepewa jina la mti. Kwa Kimasai olerai ni mgunga wenye gome la manjano, upendao kuota penye maji. Mgeni apitaye mitaa hiyo leo huenda akasikia redio za madukani kabla ya kuuona mgunga hata mmoja. Lakini jina limebaki, na wasiojua Kimasai hulitamka kila siku. Twaanza na jina hili kwa sababu muziki tunaokusudia kuueleza una hali kama hiyo: lugha ya wachungaji iliyoingia mjini na kukaa humo.

Kundi la X Plastaz lilianzishwa Arusha mwaka 1996. Wakati huo kughani kwa Kiswahili juu ya midundo ya Kimarekani hakukuwa jambo geni tena. Saleh Jabir alikwisha kuonyesha njia mwaka 1991, na redio za binafsi zilizoanza katikati ya miaka ya 1990 ziliwafikishia vijana nyimbo ambazo awali zilizunguka kwa kanda za mkononi tu. Lakini vijana wa Arusha walikuwa mbali na Dar es Salaam, yalikokuwa mitambo na watangazaji. Gsan, Nelly na Ziggy walighani kwa Kiswahili cha mtaani. Pamoja nao alikuwapo Yamat ole Meipuko, ambaye hakughani kabisa. Yeye aliimba kwa Kimasai.

Hapa yafaa tutulie kidogo. Wamasai kwa desturi hawapigi ngoma katika nyimbo zao. Kiongozi wa wimbo, olaranyani, hutangulia. Wenzake humwitikia kwa sauti nzito za kooni, na pumzi zao ndizo mapigo. Mapigo hayo huharakishwa au hulegezwa kwa kadiri ya miruko ya vijana. Mashine ya studio, kwa upande wake, hurudia mapigo yale yale bila kupumua. Fundi atakaye kuviunganisha vitu hivi viwili ana njia mbili. Aweza kukata kipande kifupi cha sauti na kukirudiarudia kama kitanzi, au aweza kumwachia mwimbaji nafasi, aingie na kutoka mwenyewe.

Njia ya kwanza ndiyo nyepesi, nayo ina historia ndefu. Katika miaka ya 1970 mafundi wa Kingston, Jamaika, akiwamo King Tubby, walikuwa wakiondoa sauti ya mwimbaji katika wimbo uliokwisha kurekodiwa, wakabakiza besi na ngoma, kisha wakairejesha vipande vipande kwa mwangwi. Muziki huo, uitwao dabu, ulimfanya fundi kuwa msanii. Hatuudharau hata kidogo. Lakini mwimbaji hakuhitajiwa tena kuwapo, na tangu hapo sauti nyingi za Afrika zimetumiwa hivyo katika studio za ng'ambo, wenyewe wasijue.

X Plastaz walifuata njia ya pili. Yamat alikuwa mwanachama wa kundi, akipanda jukwaani kwa shuka lake pamoja na waghani. Mwaka 2004 kampuni ya Out Here Records ya mjini Munich, Ujerumani, ilitoa albamu ya kwanza ya kundi hilo kusambazwa kimataifa, nayo ikaitwa Maasai Hip Hop.

Jina hilo linatutia shaka. Lilimwambia mnunuzi wa Ulaya kile alichotaka kusikia, ingawa waghani hawakuwa moran, na mambo yao yalikuwa ya mjini. Wimbo wao mmoja unaitwa Nini Dhambi kwa Mwenye Dhiki: swali la kijana asiye na kazi, wala si la mtu wa picha ya postikadi.

Hata hivyo hatuna budi kukumbuka upande wa pili. Mwishoni mwa miaka ya 1960 serikali iliendesha kampeni ya kuwataka Wamasai wa Mkoa wa Arusha waache shuka na udongo mwekundu, wavae kama raia wengine. Mavazi yale yalihesabiwa kuwa aibu kwa taifa lililotaka kuendelea. Miaka michache tu kabla yake, mwezi Desemba 1962, Mwalimu Nyerere alipounda Wizara ya Utamaduni wa Taifa na Vijana, alisikitika kwamba wasomi walikuwa wamefundishwa kucheza dansi za Wazungu na kuzisahau ngoma zao wenyewe. Mambo hayo mawili yalitoka katika serikali moja. Mzee wa Kimasai aliyeamriwa kuvaa suruali aliishi, pengine, hata akawaona vijana wa mjini wakijivunia kupanda jukwaani pamoja na mwenye shuka.

Nelly aliuawa mwaka 2006, miaka miwili baada ya albamu kutoka. Ughani wake umebaki katika santuri hiyo, na sauti ya Yamat ikiwa kando yake.