Mzee wa Manga yuko wapi katika orodha ya marejeleo?

MWANAFUNZI wa uzamili anayeandika tasnifu kuhusu historia ya Abagusii huchota maji katika visima viwili. Cha kwanza ni maktaba, anakokutana na Philip Mayer aliyeandika kuhusu koo za Abagusii mwaka 1949, William Ochieng' na kitabu chake cha 1974, A Pre-colonial History of the Gusii of Western Kenya, pamoja na Robert Maxon aliyechunguza uhusiano wa Abagusii na Waingereza kati ya 1907 na 1963. Kisima cha pili kiko nyumbani kwa wazee, Manga, Nyaribari au Mugirango, anakoketi na abagaka na abang'ina huku simu ikirekodi.

Sasa fungua kurasa za mwisho za tasnifu hiyo. Mayer yupo, Ochieng' yupo, Maxon yupo. Mzee wa Manga aliyeibeba nusu ya sura ya tatu hayupo. Kwani amekwenda wapi?

Hakusahauliwa. Kanuni ndizo zilizomwacha nje. Mtindo wa APA, unaotumiwa sana katika vyuo vyetu, unasema kwamba mahojiano yasiyohifadhiwa mahali ambapo msomaji anaweza kuyafikia hayaingii katika orodha ya marejeleo. Yatajwe ndani ya matini, basi. Sababu yake ina mantiki: rejeleo ni njia, na njia isiyofika popote haina maana kuichora. Lakini tukumbuke mtindo huo ulitoka wapi. Ulianza mwaka 1929 kama makala ya kurasa saba katika jarida la wanasaikolojia wa Marekani. Kwa mwanasaikolojia, kumficha aliyehojiwa ni kumheshimu. Kwa mwanahistoria, mzee anayesimulia jinsi ukoo wake ulivyohama ni mwenye maarifa, sawa na mwandishi wa kitabu. Ukimficha, umeificha hoja yenyewe.

Hebu tuchukue kisa kinachojulikana na kila mtoto wa Kisii na Nyamira. Januari 1908, Otenyo alimchoma mkuki ofisa wa kikoloni, G.A.S. Northcote. Ofisa huyo hakufa. Miaka mingi baadaye, kati ya 1937 na 1941, alikuwa gavana wa Hong Kong. Jeshi lililotumwa kulipiza kisasi liliua watu wengi kiasi kwamba Winston Churchill, wakati huo naibu waziri wa makoloni, alilalamikia mauaji hayo. Hayo yote unaweza kuyarejelea kwa urahisi, kwa kuwa barua za serikali ya kikoloni zimehifadhiwa Uingereza zikiwa na nambari za majalada.

Lakini nani alimtia Otenyo ari? Masimulizi humtaja Moraa, mwanamke aliyewahimiza vijana wapigane. Na mwili wa Otenyo? Masimulizi yanasema kichwa chake kilikatwa na kupelekwa Uingereza. Ukifuatilia dai hilo katika maandishi ya siku hizi, utaona tovuti ikinukuu gazeti, na gazeti likinukuu "wazee". Wazee gani? Wa ukoo upi? Walisikia kwa nani? Njia inaishia hapo. Anayedai mabaki hayo yarudishwe nyumbani atahitaji jibu zuri kuliko hilo, maana upande wa pili una majalada yenye nambari.

Si kwamba masimulizi hayana hadhi kitaaluma. Jan Vansina alichapisha kitabu chake kuhusu mapokeo simulizi mwaka 1961. Bethwell Ogot akafuata na historia ya Wajaluo wa Kusini mwaka 1967, kisha Ochieng' akajenga historia ya Abagusii juu ya kauli za wazee. Vita vya kuyakubali masimulizi kama ushahidi vilipiganwa na kushindwa zamani. Kilichobaki ni jambo linaloonekana dogo: namna ya kuyaandika.

Na hata hilo si geni kwetu. Wanazuoni wa Kiislamu walijenga isnadi, mnyororo wa majina unaoonyesha fulani alipokea habari kwa fulani, naye kwa fulani. Waswahili wa pwani waliurithi utaratibu huo. Habari za Pate, ambazo Alice Werner alizichapisha mwaka 1914 na 1915, zinaeleza kwamba zilitoka kwa Bwana Kitini, aliyezipokea kwa babu yake, Bwana Simba. Hilo ni rejeleo kamili la chanzo simulizi.

Tuje sasa kwenye tarakilishi. Mwaka 1985, Oren Patashnik, akishirikiana na Leslie Lamport, aliunda BibTeX, programu ambayo hadi leo ndiyo msingi wa kupanga marejeleo kwa maandishi matupu. Wazo lake ni sahili. Kila chanzo hupewa kibandiko kifupi, tuseme ochieng1974, chini yake mistari michache: mwandishi, anwani ya kitabu, mwaka, mchapishaji. Vyote hukaa katika faili moja isiyo na rangi wala mapambo. Ndani ya tasnifu unaandika kibandiko tu. Programu inatunga nukuu na kupanga orodha. Msimamizi akikuambia uache APA utumie Chicago, unabadilisha mstari mmoja badala ya kukesha ukihamisha mabano na nukta.

Faili kama hiyo haihitaji leseni wala intaneti. Inafunguka katika tarakilishi kuukuu ya saiba ya mjini Kisii, na inatumwa kwa simu bila kumaliza bando. Muhimu zaidi, faili ya namna hiyo iliyoandikwa mwaka 1985 bado inasomeka leo. Ni programu ngapi za enzi hiyo zinazoweza kujisifu hivyo?

Hata hivyo, BibTeX ilizaliwa miongoni mwa wanahisabati na wanasayansi wa tarakilishi. Aina zake za kawaida za vyanzo ni 14: kitabu, makala, tasnifu, ripoti na kadhalika. Mahojiano hayamo. Mzee wa Manga, ukimlazimisha aingie, anatupwa katika aina inayoitwa kwa ufupi "mengineyo". Zana zilizofuata, kama Zotero ya mwaka 2006, ziliyapa mahojiano nafasi yake. Lakini hata katika faili ya kale mlango upo, kwa kuwa BibTeX ikikuta sehemu isiyoijua huiruka bila kulalamika. Hivyo basi unaweza kujiongezea sehemu zako, tena kwa Kiswahili: ukoo, kijiji, alisikiakwa, kinasa. Hazitachapishwa katika orodha, ila zitabaki mahali pake, na atakayepokea faili yako atazikuta. Unachotaka kichapwe, kiweke katika sehemu ya maelezo. Hiyo sehemu ya alisikiakwa ndiyo isnadi yetu.

Majina nayo yanataka uangalifu. Mtabiri wa kale wa Abagusii huandikwa Sakawa hapa na Sakagwa pale. Watu ni Gusii katika vitabu vingi, Kisii katika barua za wakoloni. Ochieng' ana kibainishi mwishoni, na tarakilishi zina vibainishi vya namna mbili, kilichonyooka na kilichopinda. Ukitafuta kwa kimoja, hukipati kilichoandikwa kwa kingine. Chagua kimoja, ukitumie faili nzima, na tahajia za pembeni uziweke katika sehemu ya maneno ya kutafutia.

Sitamdanganya msomaji kuwa mambo ni rahisi. Mabano moja yakikosekana, orodha nzima yaweza kukataa kutoka. Wasimamizi wengi nao wanataka nakala ya Word ili waandike maoni pembeni, ingawa Pandoc, programu ya bure, hulitatua hilo kwa amri moja. Juu ya yote kuna ridhaa. Mzee aulizwe kama anakubali kutajwa jina. Akikataa, mpe alama badala ya jina, na heshima yake ibaki.

Turudi kwenye kanuni ya APA. Inayafungia nje mahojiano yasiyofikika. Yaliyohifadhiwa katika maktaba au nyaraka yanaruhusiwa kuingia. Kwa hiyo dawa ni mbili kwa pamoja: rekodi iwekwe maktabani, na kibandiko chake kiwe katika faili. Chuo Kikuu cha Kisii, kilichoanza kama chuo cha walimu mwaka 1965 na kupata hati mwaka 2013, kiko mwendo mfupi tu kutoka kwa wazee hao. Idara ya historia popote ingeweza kumtaka kila mwanafunzi akabidhi tasnifu, rekodi na faili yake ya marejeleo siku moja.

Simu inayorekodi leo itaibwa au itaharibika kesho, na mzee hatasimulia mara ya pili akishazikwa. Mtafiti wa mwaka 2060 atakayeuliza kuhusu kichwa cha Otenyo atategemea tulichoandika sisi. Tukimwachia neno "wazee" pekee, tutakuwa tumemwachia kaburi lisilo na jina.