Tumbo la posho

Huku Lubumbashi, mtu akiota tumbo wazee walimwambia: "Baba, unakula vizuri!" Ilikuwa sifa, hapana matusi.

Sifa hiyo imepita ndani ya mfuko wa unga. Mbele ya migodi, ugali wa Katanga ulikuwa zaidi wa mtama, ulezi ao muhogo. Union Minière, iliyoundwa mwaka 1906, ililisha wafanyakazi wake unga wa mahindi, mwingi ukitoka Rhodesia kwa treni. Tangu miaka ya 1920 ilitaka mfanyakazi akae na mke na watoto, na posho ikawa ya jamaa yote: unga, maharagwe, karanga, samaki, mafuta ya ngazi. Ilipimwa kwa kilo, sababu ilikuwa nguvu ya kuchimba na kubeba. Mwenye kushika chepeo hakuota tumbo. Tumbo lilikuwa la mkubwa aliyekaa ku biro, na ndiyo maana tulilitamani.

Gécamines ilirithi posho pamoja na migodi. Mwaka 1990 mgodi wa Kamoto uliporomoka. Mwaka 2003 wafanyakazi zaidi ya 10.000 waliondoka kwa malipo ya mwisho. Posho ilikwisha, lakini mlima wa bukari ulibaki ku sahani. Sasa unaliwa na mtu anayekaa kutwa nzima, tena usiku, kiisha analala. Sombe kidogo, bukari mingi.

Waganga wanapima kiuno kwa utepe: kupita sentimita 94 kwa mwanaume, 80 kwa mwanamke, sukari na presha zinakaribia. Mimi, fundi wa suruali alijua mbele ya daktari.