Kidahizo cha Mada katika Tasnifu za Muziki

Tasnifu ya uzamili au uzamivu haiuzwi dukani wala haitangazwi redioni. Ikishapokewa maktabani au kupakiwa kwenye hazina ya kidijitali ya chuo, atakayeihitaji huipata kwa maneno yaliyoandikwa kwenye katalogi. Kati ya maneno hayo, lenye kazi kubwa zaidi ni lile linalotaja kazi nzima inahusu nini.

Kwa Kiingereza neno hilo huitwa subject heading, na tafsiri nyepesi ya istilahi hiyo ni “kichwa cha mada”. Mimi siikubali. Kwa Kiswahili kichwa tayari ni jina la andiko, na mwanafunzi akiambiwa aandike kichwa ataandika jina la tasnifu yake. Jina hulitunga mwandishi apendavyo. Neno la mada huchaguliwa na mkutubi kutoka orodha iliyokubaliwa, na hubaki lilelile kwa kila kazi inayogusa jambo hilo. Watunga kamusi wanalo neno linalofaa: kidahizo, yaani neno linaloorodheshwa ili maelezo yake yafuate. Basi tuseme kidahizo cha mada.

Muziki wetu unakihitaji sana. Janet Topp Fargion aliandika tasnifu yake ya uzamivu ya 1992, London, kuhusu wanawake na taarab ya Zanzibar, na neno taarab limo katika jina lake. Kelly Askew naye, katika kitabu cha 2002 kiitwacho Performing the Nation, anachambua ngoma, dansi na taarab nchini Tanzania, lakini hakuna hata moja kati ya maneno hayo matatu kwenye jina la kitabu. Anayetafuta kwa majina tu atampata wa kwanza na kumkosa wa pili. Tena wapo wanaoandika taarab, wapo wanaoandika taarabu. Mkutubi huteua umbo moja liwe kidahizo, na kwenye lile jingine huweka elekezo la “tazama”.

Ngoma ndiyo ngumu. Ni ala, ni uchezaji, ni shughuli yenyewe pamoja na watu wake. Hata uganga wa pepo una ngoma zake. Tasnifu ya mdundiko au sindimba ikiwekwa chini ya “ala za kupigwa”, msomaji wa uchezaji hataiona kamwe; ikiwekwa chini ya “uchezaji”, mwanamuziki ataikosa. Kwa maoni yangu ngoma ibaki ngoma, iwe kidahizo kamili, kisha jina la aina yake na la mahali yafuate: Ngoma, Mdundiko, Dar es Salaam.

Mkutubi hawezi kuyajua haya yote peke yake, kwani huenda hajawahi kusikia chakacha ikipigwa. Mtafiti anajua. Nawasihi walimu wa muziki wa vyuo vikuu vya Dar es Salaam, Kenyatta na Makerere wamtake kila mwanafunzi aandike vidahizo vyake kwa Kiswahili chini ya ikisiri, kabla tasnifu haijajalidiwa.