CD Ilipokwama Kirumba

Watu wa rika langu wakianza kuikumbuka Bongo Fleva ya miaka ya 2000, hazipiti dakika tano kabla mmoja hajasema: "Zamani bwana, watu walikuwa wanapiga live." Mimi hubaki nacheka, maana nilikuwepo. Live gani? Msanii alikuja na CD yake, akampa DJ, akapanda jukwaani na maiki, akaimba juu ya sauti yake mwenyewe. Playback ndiyo tuliyoilipia kiingilio.

Baba aliliona hilo mapema. Yeye alikulia kwenye Mbaraka Mwinshehe na Tabora Jazz, enzi za magitaa na jukwaa lililojaa watu wanaotoka jasho. Siku tulipomuaga mimi na kaka kwamba tunakwenda CCM Kirumba kwenye shoo, aliuliza swali moja tu: "Nani anampigia gitaa?" Hatukuwa na jibu.

Ila Buswelu ya 2004 ilikuwa na shule yake. Leo ndiko ziliko ofisi za Manispaa ya Ilemela, iliyoanzishwa 2012, na kiwanja hakishikiki kwa bei. Wakati ule kwetu ni mawe, mihogo na redio kaseti ya betri. Radio Free Africa ilikuwa inarusha matangazo hapa hapa Mwanza, na sisi tulirekodi nyimbo juu ya kanda ya kwaya ya mama (alikuja kujua, tulichapwa), tukiomba mtangazaji asiropoke katikati. Kisha daftari. Sikiliza mstari, simamisha, andika, rudisha nyuma. Betri zikichoka na sauti ikaanza kuzama, tunazianika juani.

Wimbo mmoja wa Professor Jay ulimaliza jioni nzima. Albamu yake Machozi, Jasho na Damu, ya 2001, ndiyo yenye Ndio Mzee, ule wa mgombea anayeahidi makubwa huku umati ukimuitikia. Tulizinakili ahadi zote. Fid Q tulimwandika kwa heshima ya ziada, kwanza ni wa Mwanza, pili vina vyake vilitutesa. Neno moja tulilibishania tangu nyumbani hadi kisimani na ndoo kichwani. Nilipofika chuo kikuu na mhadhiri akaanza kufafanua vina vya kati na vya mwisho, nilikuwa nimeshavisoma kwenye lile daftari.

Basi tukaenda. Tulitembea kwa njia ya Kiseke hadi Sabasaba ndipo tukapanda daladala, kuokoa nauli. Msanii, jina namsitiri, alichelewa saa tatu. Wimbo wa pili tu, CD ikakwama. Silabi moja ikawa inajirudia kama kuku anayedonoa bati. DJ akaitoa, akaifuta kwa shati, akairudisha, ikakwama tena. Jamaa akajaribu kuimba kavu, na alipofika ubeti wa pili akapotea. Amesahau maneno yake mwenyewe!

Zomea zikaanza. Halafu huku kwetu, kwenye viti vya bei rahisi, mtu mmoja akaushika ubeti pale alipouachia. Wa pembeni yake akadakia. Mara uwanja mzima, ubeti wote hadi kiitikio, makofi yakiwa ndiyo ngoma, na yeye anatunyooshea maiki tu kama mtu anayekinga maji ya mvua. Nimehudhuria shoo nyingi tangu siku hiyo, nyingine kwa kazi ya uandishi, sijasikia tena kitu kama kile. Siku hizi bendi zipo, tena nzuri. Juzi nilimwona mpiga dramu wa kweli kabisa. Walionizunguka waliinua simu kurekodi, wakanyamaza ubeti mzima wakisubiri kiitikio.

Tulirudi Buswelu usiku mnene, sauti zimekauka. Baba alikuwa bado macho, amekaa nje.

"Enhe, nani alimpigia gitaa?"

Kaka akamweleza yote, CD, DJ, shati, sisi. Mzee akatuangalia kwa zamu.

"Kwa hiyo mmelipa kiingilio, halafu mkaimba wenyewe."

Akacheka mpaka mama akaamka.