Hati ya Nakshi, kutoka Siyu hadi Buruburu

Katika Ulaya ya zama za kati, watawa walinakili vitabu kwa mkono juu ya ngozi ya ndama, wakazitia herufi za kwanza rangi na dhahabu. Jina la vitabu hivyo katika lugha kadhaa za Ulaya linatokana na neno la Kilatini, illuminare, yaani kuangaza, kwa sababu dhahabu iliyobandikwa ukurasani hung'aa inapopigwa na mwanga.

Mtafsiri mwenye haraka ataandika "mswada ulioangaziwa", naye atapotosha. Kwa Mkenya anayesikiliza habari, mswada uko bungeni, na kuuangazia ni kuuzungumzia redioni. Istilahi ninayoitetea ni hati ya nakshi. Sikuchagua neno pambo, kwa kuwa pambo huwekwa likaondolewa, kama maua ya arusi. Nakshi hutiwa ndani ya kitu ikawa mwili wake, kama tunavyoiona kwenye milango ya Lamu.

Wala jambo lenyewe si geni kwetu. Siyu, katika kisiwa cha Pate, wanakili wa karne za 18 na 19 waliandika misahafu yenye nakshi za rangi nyeusi, nyekundu na manjano. Nakshi hizo zilikuwa na kazi: zilimwonyesha msomaji sura inapoanzia na mahali pa kutua. Hapo ndipo ilipo siri ya sanaa hii. Uzuri wake humwongoza msomaji.

Sasa simama kituoni Buruburu, katika Eastlands ya Nairobi, uitazame nganya, yaani matatu iliyorembwa, ya namba 58 ikiingia. Jina la gari limechorwa kwa herufi zilizovimba, zenye kivuli na miali, lakini abiria hulisoma kutoka mbali. Nyuma kuna utani wa maneno machache. Wachoraji wa vitabu vya Ulaya nao walicheza hivyo: katika pambizo za vitabu vya karne ya 13 na ya 14 utakuta askari wenye deraya wakipigana na konokono, kando kabisa ya sala. Kanuni za usafiri za waziri Michuki zilipoanza kutekelezwa Februari 2004, matatu zote zikatakiwa kuwa na mstari wa manjano, na michoro mingi ikafutwa. Ilirudi baadaye, na wakazi wa Eastlands huchagua gari kwa macho pia.

Kijana wa mtaa wa Umoja au Kayole anayesanifu tovuti ana urithi huu wote mkononi, lakini tovuti nyingi ninazoziona zimefanana: picha pana juu, visanduku vitatu chini. Angeweza kuanza na herufi ya nakshi. Lugha ya mitindo ya tovuti, CSS, ina kiteuzi cha ::first-letter kinachokuwezesha kuikuza na kuitia rangi herufi ya kwanza ya aya. Herufi hiyo hubaki kuwa maandishi halisi: hutafutwa, hunakiliwa. Ukiichora kama picha, unalazimika kuiandikia maelezo mbadala ili asiyeona asiikose. Pambizo nazo zinafaa kwa utani, mathalani katuni ya kondakta akining'inia mlangoni huku msomaji akiteremsha ukurasa. Katuni hiyo ichorwe kwa SVG, faili inayohifadhi mistari badala ya nukta za rangi. Mchoro mwepesi wa aina hiyo huweza kuwa na kilobaiti chache tu, na haufifii ukikuzwa.

Kwenye simu ndogo pambizo karibu hazipo, kwa hiyo nakshi ihamie juu ya aya au katikati ya sehemu mbili. Ikizuia kusoma, iondolewe bila huruma. Mnakili wa Siyu hakuiacha nakshi imeze aya.

Ewe msanifu wa Eastlands, tovuti yako ijayo, iwe ya kinyozi, ya kanisa au ya chama cha akina mama, itie nakshi herufi moja tu. Kisha ifungue kwenye simu ya bei nafuu yenye bando dogo, umpe jirani aisome.