Chumvi Ndani ya Mafuta

Sisi wa Ivuna tunaijua chumvi. Watu wamechemsha maji ya chemchemi zetu kwa karne nyingi. Mwaka 1968 Brian Fagan na John Yellen walichapisha utafiti wao juu ya kazi hiyo.

Mwaka huohuo bomba la TAZAMA lilikamilika, kutoka Dar es Salaam hadi Ndola. Kabla yake, Rhodesia ilipojitangazia uhuru Novemba 1965, Zambia ilikosa mafuta. Yalipelekwa kwa ndege, na kwa malori yaliyopita Tunduma.

Mafuta yakipita kwenye bomba na chujio huzaa umeme tuli, na kwa kuwa hayapitishi umeme vizuri, hubaki nao. Cheche moja yatosha kuua. Miaka hiyo ya 1960 Shell ilileta ASA-3, yenye chumvi ya kromiamu ndani yake. Haikuzuia umeme kuzaliwa. Iliupa njia ya kutoka. Siku hizi hutiwa Stadis 450, miligramu chache tu kwa lita.

Historia ya ukombozi huwataja marais. Mimi huwafikiria waliojaza mapipa yale. Nikisubiri ndege uwanja wa Songwe, humtazama mjazaji: hufunga waya kwanza, ndipo aunganishe mpira. Chumvi pekee haitoshi.