Tathmini ya uendelevu wa jengo

Anayetaka kujenga ghorofa mjini Melbourne, Australia, hapeleki ramani peke yake. Halmashauri nyingi za jiji hilo humtaka aambatanishe na ombi la kibali waraka unaoeleza jengo litatumia maji na umeme kiasi gani, hewa itapitaje vyumbani, mvua inayotoka paani itaelekezwa wapi, taka zitatenganishwa vipi na baiskeli zitawekwa wapi. Kwa Kiswahili jina linalokuja haraka ni "ripoti ya uendelevu". Jina hilo nalipinga.

Kwanza, ripoti. Mkandarasi na mhandisi wetu wakisikia ripoti wanatarajia habari ya kazi iliyokwisha kufanyika. Waraka huu huandikwa kabla msingi haujachimbwa. Ndani yake mna makadirio na ahadi, na ofisa wa mipango miji huupima ili aamue kama jengo hilo lisimame au la.

Kikwazo kikubwa zaidi kiko kwenye shina. Kitenzi "endelea" kimetuzalia maendeleo, uendelezaji na uendelevu, na yote matatu yanakutana kwenye kiwanja kimoja. Ripoti ya maendeleo ni ile inayoonyesha kazi imefika wapi. Uendelezaji, katika lugha ya ofisi za ardhi, ni kukigeuza kiwanja kuwa jengo. Sasa mtu akiandika "ripoti ya uendelevu wa uendelezaji", msomaji aliyechoka atashika kipi? Heri kitajwe kitu chenyewe kinachopimwa: jengo.

Uendelevu wenyewe nautetea. Neno la Kiingereza, "sustainability", lilitokana na kitenzi cha Kilatini chenye maana ya kushikilia kitu kisianguke. Sisi tulichagua mwendo, tukatumia kiambishi kilichotupa "tulivu" kutoka "tulia", kinachotaja sifa iliyokaa ndani ya kitu. Jengo endelevu, basi, lina ndani yake uwezo wa kuendelea kukaliwa bila kumaliza maji, nishati na fedha za wanaolikalia.

Uwezo huo hupimwa kwa namba. Halmashauri za Victoria, jimbo lenye Melbourne, zilizoungana katika suala hili zilizindua mwaka 2015 kipimo cha mtandaoni kiitwacho BESS. Mradi ukipata jumla ya asilimia 50 umefaulu. Ukifika 70 unahesabiwa kuwa wa ubora wa juu. Lakini jumla peke yake haitoshi. Maji, nishati na mazingira ya ndani kila kimoja sharti kifike 50, kwa hiyo mwenye mradi hawezi kufidia ghorofa linalomeza umeme kwa kuongeza maegesho ya baiskeli. Eneo la maji ya mvua ni gumu kuliko yote: linadaiwa asilimia 100. Mia hiyo maana yake ni kufikia kiwango cha jimbo, yaani kupunguza nitrojeni na fosforasi kwa asilimia 45 kila moja, mashapo kwa 80 na takataka kwa 70, kabla maji hayajafika mitoni na hatimaye katika Ghuba ya Port Phillip. Nitrojeni ikizidi ghubani hulisha mwani, na mwani ukifumka huharibu maisha ya viumbe wengine.

Kazi ya namna hii kwetu huitwa tathmini. Ndiyo maana napendekeza "tathmini ya uendelevu wa jengo". Na kwa miradi mikubwa, ambayo Melbourne kwa kawaida ni ya nyumba 10 au zaidi na hudaiwa waraka mpana zaidi, "mpango wa usimamizi wa uendelevu".

Msomaji wa Tanzania asiichanganye tathmini hii na Tathmini ya Athari kwa Mazingira, ile TAM ya Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004. TAM huuliza mradi utaufanyia nini mto, jirani na ardhi inayouzunguka. Tathmini ya uendelevu huingia mpaka ndani ya kuta. Jengo la vioo linaloelekea jua la magharibi laweza lisimdhuru jirani yeyote, na bado likawatesa wapangaji wake kwa joto na bili za umeme miaka yote.

Halmashauri ikishaidhinisha waraka, yaliyomo huwa sehemu ya masharti ya kibali. Kwa hiyo mwandishi wake aepuke "inatarajiwa" na "ikiwezekana". Aandike: jengo litakuwa na tangi la lita kadhaa, lililounganishwa na vyoo vya ghorofa fulani, ili mkaguzi akifika aweze kulitafuta.